Nafanyia kazi nyumbani, na wadai wa deni la mtu nisiyemjua wananipigia simu kutwa. Hivi ndivyo nilivyowaondoa mezani kwangu

#1 Mwandika_Sauti

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Jambo hili limenikalia miezi mitano na sitaki mtu mwingine azunguke njia yote niliyozunguka mimi.

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za vikao na mahojiano na kuziweka katika maandishi. Naifanyia nyumbani. Nalipwa kwa dakika ya sauti iliyoandikwa na kukaguliwa, kwa hiyo dakika niliyokatizwa hailipwi na mtu. Ukipitwa na sentensi unarudisha nyuma, na ukikatizwa mara kumi kwa siku unajikuta jioni hujafika hata nusu ya faili.

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu asubuhi. Sauti ya kike, ya upole, ikauliza kama mimi ndiye bwana fulani. Nikamwambia amekosea namba, akaomba radhi. Baada ya saa mbili akapiga mwanamume, akamuuliza mtu yule yule. Mchana mwingine. Kufika Ijumaa nilikuwa nimehesabu simu 31 kutoka namba 14 tofauti, zote zikimtafuta bwana huyo huyo.

Nilikuja kuelewa baadaye. Namba ya simu ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huichukua na kuiuza upya. Mwenye namba wa zamani anaondoka, lakini kila fomu aliyoijaza bado ina namba ile. Mimi nilinunua laini, na deni lake likaja nayo.

Najua wapo watakaosema "si uizime tu?" Sikuweza. Kila ninapoingia kwenye mfumo wa kazi, tarakimu za uthibitisho zinatumwa kwenye laini hii. Msimamizi wangu hupiga namba hii faili la haraka linapoingia. Anayekwenda ofisini ana mapokezi, ana mlango, ana mwenzake wa kumwambia "sema sipo". Nyumbani simu ndiyo mlango wenyewe, na uko sentimita chache kutoka mkononi.

Nilifanya makosa matatu, na nayaandika kwa sababu naamini wengi mnayafanya sasa hivi.

La kwanza lilikuwa kutaja jina langu. Wiki ya pili mmoja aliniuliza, "Sawa, kama wewe siye yeye, wewe ni nani, na mnafahamiana vipi?" Nilitaka yaishe, nikamtajia jina langu lote. Kesho yake wakaanza kunitafuta mimi kwa jina. Nilikuwa nimejiandikisha kwa mdomo wangu kwenye faili la mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

La pili, kugombana nao. Nilipayuka mpaka sauti ikanikauka. Aliyepiga alikata simu na bila shaka akahamia namba iliyofuata, ila mimi nilikaa nusu saa mikono inatetemeka na rekodi imesimama.

La tatu, kuzifungia namba moja baada ya nyingine. Nilifungia zaidi ya arobaini. Nimeacha kuhesabu.

Kilichonivunja moyo kabisa ni kikao cha video na mteja. Simu yangu nilikuwa nimeiunganisha na kompyuta ili nisome meseji bila kuinua mkono. Nikiwa nimeshirikisha skrini, ujumbe ukatokea kwenye kona, herufi kubwa tupu, ukinitaja kwa jina na kunitaka nilipe deni leo kabla hatua hazijachukuliwa. Watu watano waliusoma. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule niliubeba mpaka usiku.

Usiku huo huo nilimwandikia msimamizi wangu kabla hajasikia kwa mwingine. Mistari minne tu: namba yangu ilikuwa ya mtu mwingine, kuna watu wanamdai, meseji iliyoonekana kwenye skrini si ya deni langu, ninalishughulikia. Alijibu kwa utu. Sikutegemea nafuu niliyoipata kwa barua ile. Hofu yangu kubwa ilikuwa wampigie bosi, na sasa hawakuwa na jipya la kumwambia.

Kisha nikaandika karatasi na kuibandika kando ya skrini. Ina maswali manne: kampuni yenu inaitwaje, anwani yenu ni ipi, barua pepe ya malalamiko ni ipi, faili hili lina namba gani ya kumbukumbu. Waliponipigia nilisema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Niko kazini, siwezi kuzungumza. Nipe barua pepe ya malalamiko na namba ya kumbukumbu, nitawaandikia leo." Sikutaja jina. Sikukanusha wala kukubali. Wawili walikata. Wa tatu alinipa.

Nilichokituma ni hiki, chukueni mkibadilishe:

"Namba ya simu hii si ya mtu mnayemtafuta katika faili lenye kumbukumbu hiyo hapo juu. Simfahamu, si ndugu yangu, sikumdhamini, na sina mawasiliano yake. Nataka muiondoe namba hii na jina langu kwenye kumbukumbu zenu, na kwenye za yeyote mliyempa au mliyemuuzia faili hili. Nithibitishieni kwa maandishi mkishafanya hivyo. Nimeambatanisha orodha ya simu na meseji mlizonipigia, kwa tarehe na saa. Msinipigie tena. Kama lipo la kunijibu, nijibuni kwa barua pepe hii."

Orodha ile ndiyo iliyobeba uzito. Nilianza kuandika kila simu kwenye daftari: tarehe, saa, namba, alichosema. Sentensi moja inatosha. Meseji nilizipiga picha ya skrini kabla ya kufuta chochote.

Siku ya tisa nilijibiwa kwamba namba imeondolewa. Simu zikapungua nusu. Nusu iliyobaki ilitoka kampuni nyingine, kwa sababu deni huuzwa kama bidhaa na faili huhama na makosa yake yote. Nikatuma barua ile ile, safari hii nikiambatanisha jibu la kampuni ya kwanza. Siku sita baadaye kimya.

Na wakati nikisubiri, niliirekebisha simu. Sikuizima. Niliiweka kwenye hali ya kutosumbuliwa katika saa za kazi, nikaruhusu namba saba tu zilie: msimamizi, nyumbani, shule, na wachache wengine. Meseji za uthibitisho zinaingia kimya, nazifungua ninapozihitaji. Simu nyingi za siku hizi zinaweza, na iPhone zina kitufe cha kunyamazisha wapigaji wasiojulikana tangu toleo la 13 la mfumo wake, mwaka 2019. Nilitenganisha pia simu na kompyuta. Hakuna meseji itakayotokea tena mbele ya mteja.

Karibuni. Waliopitia haya waseme walivyofanya.

#2 Kitasa

Pole sana mkuu. Hapo kwenye kikao nimeumia kama vile nilikuwepo.

Swali langu: wewe deni halikuwa lako, ukaandika barua ya kusema "siye". Na mimi ambaye deni ni langu kweli? Nafanya kazi ya kujibu wateja kwa simu kutoka nyumbani, zamu ya muda wa saa nane, na hawa watu wanapiga katikati ya mteja. Naogopa hata kuwaandikia.

#3 NilikuwaUpandeUle

Nilifanya kazi ya kukusanya madeni kwa simu kwa miaka mitatu, kisha nikaacha. Nitaeleza mashine inavyokwenda ndani, kwa sababu mtu akiielewa hofu inapungua.

Anayekupigia hakuchagua kukupigia wewe. Kuna mashine inayopiga namba nyingi kwa pamoja, kuliko idadi ya wafanyakazi waliokaa. Anayepokea ndiye anayeunganishwa na mfanyakazi aliye wazi. Ndiyo maana unasema "haloo" unasikia ukimya wa sekunde mbili tatu, halafu mtu anaanza kuongea. Ndiyo maana pia wakati mwingine unapokea hakuna mtu kabisa: mashine imepata wapokeaji wengi kuliko midomo ya kuongea nao.

Kila simu inaisha kwa alama. Hakupokea. Amepokea mwingine. Amepokea mwenyewe. Ameahidi kulipa. Mfumo unakumbuka saa ambazo unapokea, na unakupigia saa hizo. Sasa fikirieni mtu wa kazi za nyumbani: yupo karibu na simu mchana kutwa na anapokea kila mara akidhani ni kazi. Kwa mashine huyo ni dhahabu. Kadiri unavyopokea na kugombana ndivyo unavyoithibitishia kwamba namba iko hai na saa nne ni saa nzuri.

Kufungia namba hakusaidii sana kwa sababu laini ni nyingi na zinabadilishwa. Na kumfokea mfanyakazi hakufiki popote. Kesho atakayekupigia ni mwingine, anasoma mistari miwili iliyoandikwa na wa jana.

Kilichosimamisha faili pale kwetu ni alama mbili: "namba si yake" na "deni linabishaniwa". Ya kwanza mfanyakazi angeweza kuiweka, lakini wengi hawakuiweka, kwa sababu wadaiwa halisi nao husema "umekosea namba". Ya pili iliwekwa na ofisi ya malalamiko, na ofisi ile ilisoma maandishi tu. Mwandika_Sauti aligonga mlango wenyewe.

Kitasa, kwako neno moja: chunga "ahadi ya kulipa". Ukisema kwa uchovu "basi nitaangalia mwisho wa mwezi", sisi tuliandika umeahidi, tena kwa tarehe. Tarehe ikipita, simu zinaongezeka kwa sababu sasa wewe ni mtu aliyevunja ahadi. Usiseme tarehe kwenye simu ukiwa kazini. Usiseme kiasi.

#4 Mama_Pacha

Kitasa, mimi deni lilikuwa langu. Nafundisha kwa mtandao. Siku moja nikiwa kwenye somo, mwanangu wa miaka minane alipokea simu sebuleni. Alipokuja baadaye alinieleza alichoulizwa: mama yuko wapi, anafanya kazi gani, anarudi saa ngapi, baba naye yuko wapi. Alijibu yote kwa adabu, kama tulivyomfundisha kuwajibu wakubwa. Nililia. Deni nilikopa mimi, mtoto hakusaini popote.

Niliandika barua pepe usiku ule. Sikukana deni. Niliomba mchanganuo: nilikopa kiasi gani, riba ni kiasi gani, adhabu ni kiasi gani, ada zipi zimeongezwa, malipo gani wameyapokea na tarehe zake, na nani hasa ndiye mwenye deni hili leo. Nikasema mawasiliano yote yawe kwa barua pepe, na kama lazima tuzungumze, ni Alhamisi jioni saa 11 tu, kwa namba hii tu, na mimi tu.

Mchanganuo ulipokuja, malipo yangu mawili hayakuwemo. Nilikuwa na risiti. Kiasi kikashuka. Baada ya hapo nilipiga hesabu ya ninachoweza kutoa kila mwezi bila kukopa kwingine, kiasi kidogo kuliko walichotaka, nikakipendekeza kwa maandishi. Walikataa mara moja, mara ya pili wakakubali. Sikulipa hata senti kabla makubaliano hayajaandikwa. Nimebakiza miezi minne.

Alhamisi ya kwanza waliyopiga saa 11 kama nilivyosema, nilikuwa nimekaa na karatasi zangu mbele. Tulizungumza dakika sita, na nilikuwa mtu mwingine kabisa kuliko yule waliyekuwa wanamkuta kati ya masomo.

#5 Ukweli_Mchungu

Mimi nitasema tofauti. Watu wanakopa kwa furaha, siku ya kulipa wanasema wananyanyaswa. Mkopeshaji naye ana watoto. Kama hutaki kupigiwa, lipa.

#6 Mwandika_Sauti

Ukweli_Mchungu, nakuheshimu, na deni ni deni. Lakini mimi sikukopa, na nilipigiwa miezi. Mama_Pacha amekopa na analipa, na kilichomfanya aweze kulipa ni kujua kiasi halisi na kupata saa ya kuongea akiwa na akili iliyotulia. Simu kumi kwa siku zinamfukuzisha mtu kazi, na aliyefukuzwa kazi hamlipi yeyote. Sijaona mtu humu anayesema tusilipe.

#7 Sheria_Kwanza

Niongezee upande wa sheria. Kila mmoja atazame ya nchi yake, lakini mifano hii inaonyesha kwamba mnachokiita usumbufu mara nyingi kina jina kisheria.

Marekani wana sheria ya tangu 1977 inayowahusu wakusanyaji wa madeni ya wengine, si mkopeshaji mwenyewe. Inakataza kupiga kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 3 usiku kwa saa za alipo mdaiwa, na inakataza kumpigia kazini kama wanajua mwajiri haruhusu. Kanuni iliyoanza 30 Novemba 2021 ikaweka na hesabu: zaidi ya simu 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja zinachukuliwa kuwa ni kusumbua, na wakishazungumza nawe wanatakiwa kusubiri siku 7. Mtu wa pembeni, kama Mwandika_Sauti, wanaweza kumuuliza tu mdaiwa anapatikana wapi, kwa kawaida mara moja, bila kumtajia deni. Na mdaiwa akilibisha deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu apate taarifa, wanatakiwa kusimama mpaka walithibitishe.

Uingereza, sheria ya 1970 kifungu cha 40 inafanya kuwa ni kosa la jinai kumsumbua mdaiwa kwa madai yanayokusudiwa kumtia hofu, mashaka au fedheha yeye au jamaa zake, iwe kwa wingi wa madai hayo au kwa namna yanavyotolewa. Tangu 2008, kampuni ikimsumbua mteja wa kawaida, zinatumika sheria za biashara isiyo ya haki badala ya kifungu hicho.

Kenya, kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi, kuwapigia watu waliomo kwenye orodha ya majina ya simu ya mkopaji, na kumwanika mtandaoni.

Halafu kuna sheria za taarifa binafsi, na hizi ndizo silaha ya mtu ambaye deni si lake. Ulaya zilianza kutumika 25 Mei 2018, Kenya wana sheria ya 2019, Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Zote zinasimamia jambo moja: taarifa zako zikiwa na makosa, una haki ya kudai zirekebishwe au zifutwe. Namba yako kwenye faili la mtu mwingine ni taarifa yenye makosa. Ukiandika barua, litaje neno hilo: "nadai marekebisho ya taarifa zangu binafsi". Likipuuzwa, kuna ofisi ya kupeleka malalamiko, na hapo ndipo daftari la simu linapogeuka ushahidi.

Jingine ambalo wengi hawalijui. Deni la mkataba lina muda wa kupelekwa mahakamani. Uingereza, Kenya na Tanzania kwa kawaida ni miaka 6. Lakini ukilipa kidogo, au ukakiri kwa maandishi kwamba unadaiwa, hesabu inaweza kuanza upya. Kwa hiyo deni la zamani sana lisikufanye utume "kianzio" ili tu wanyamaze. Uliza kwanza lilianza lini.

#8 Kipepeo77

Mimi nililipa matapeli. Naandika hapa ili asiingie mwingine.

Nilikuwa na deni la kweli mahali. Nikiwa kazini, nyumbani, nina tarehe ya mwisho ya kazi saa hiyo hiyo, akapiga mtu anajua jina langu na jina la kampuni iliyonikopesha. Akasema kuna askari tayari wametumwa, nikituma sasa hivi atawarudisha. Nilituma kwenye namba binafsi ya simu. Deni langu la kweli halikupungua hata kidogo.

Nikitazama nyuma, alama zilikuwepo zote. Haraka. Akaunti ya mtu binafsi. Kukataa kuandika chochote. Na vitisho vya kukamatwa siku ile ile. Kama ningesema "nipe barua pepe na namba ya kumbukumbu" kama alivyofanya mwenye uzi, ingeishia pale.

#9 Sheria_Kwanza

Pole Kipepeo77. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Zipo nchi ambamo mahakama, baada ya hukumu, inaweza kumpeleka gereza la madai mdaiwa mwenye uwezo anayekataa kulipa. Lakini hapo pamepita kesi, wito, hukumu na amri ya hakimu. Mpiga simu hana askari wa kutuma mchana huu. Ila wito wa kweli wa mahakama ukikufikia, usiupuuze hata siku moja, kwa sababu hukumu inaweza kutolewa bila wewe kuwepo.

Na kabla ya kulipa yeyote, tafuta mwenyewe namba ya kampuni kwenye mkataba wako wa awali, uipigie hiyo. Namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa.

#10 Kitasa

Wakuu, nimetuma. Nimeomba mchanganuo kama wa Mama_Pacha na nimetaja saa yangu, siku ya mapumziko asubuhi. Pia nimemwambia kiongozi wa zamu. Nilidhani atanitazama vibaya, akaniambia naye yalimkuta, akanipa laini ya pili ya kazi. Sasa ya kwangu naiacha chumba kingine zamu nzima.

Mkononi bado kuna kigugumizi simu ikiita, hata ya mama.

#11 NilikuwaUpandeUle

Kigugumizi hicho kitapungua, kipe wiki chache. Weka mlio wa peke yake kwa mama na kwa wale wa nyumbani. Sikio litajifunza.

#12 Mgeni_Jana

Naomba msaada jamani. Binamu yangu alikopa kwenye programu ya simu na akaniandika mimi kama mdhamini bila kuniuliza. Sikusaini kitu. Leo wamenitumia meseji kwamba nisipolipa wataniweka kwenye makundi ya mtandaoni kuniaibisha. Nafanya kazi za usanifu kutoka nyumbani na wateja wangu wako kwenye makundi hayo hayo.

#13 Sheria_Kwanza

Kuandikwa jina si kudhamini. Udhamini ni mkataba, na katika baadhi ya nchi, kama Uingereza na Kenya, unatakiwa uwe na maandishi yenye saini ya mdhamini. Waandikie: "Nionyesheni hati niliyosaini." Kwa programu nyingi hati hiyo haipo, wana orodha ya majina tu waliyoisoma kwenye simu ya mkopaji. Google yenyewe ilizizuia programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha, kuanzia 31 Mei 2023. Zinazoendelea kufanya hivyo mara nyingi zimepakuliwa kwingine. Tazama pia kwenye tovuti ya benki kuu ya nchi yako kama mkopeshaji huyo ana leseni.

Tishio la kukuweka kwenye makundi, piga picha ya skrini yenye namba na saa, usiifute. Hiyo ni zawadi kwako mbele ya ofisi ya ulinzi wa taarifa.

#14 Mama_Pacha

Na waandikie wateja wako wewe kwanza, Mgeni_Jana. Mistari mitatu: ndugu yangu ameandika namba yangu kwenye mkopo bila idhini, mkiona ujumbe wowote kunihusu naomba mniulize. Huna haja ya kumtaja binamu. Yeye mpigie simu leo, umwambie abadilishe mawasiliano kwenye mkopo wake. Mwambie kwa upole, pengine naye hajalala siku tatu.

#15 Mgeni_Jana

Asanteni. Leo ni Jumapili lakini, nitume sasa au nisubiri wafungue ofisi?

#16 Mwandika_Sauti

Tuma sasa. Saa ya barua inahesabika hata kama hakuna aliyeketi upande wa pili. Kesho wakipiga, hutakuwa na la kueleza. Unawatajia tarehe ya barua, unaomba namba ya kumbukumbu, unarudi kwenye mchoro wako.